Bunduki ya Kwanza ya Mitutu Miwili

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliyeolewa Mpwapwa, aliweka akiba miaka minne ili anunue shotigani ya kuwindia kwale na kanga. Yeye ni bwana mifugo. Kazi yake ni ya kutembea vijijini, na mshahara wake si wa kuchezea. Alipoona fedha zimefika mahali pa kusema neno alinijia mimi, kwa kuwa ninayo bunduki ya namna hiyo tangu miaka ya 1980, na pengine kwa kuwa mjomba hatozi ada ya ushauri. Alikuwa na bunduki tatu za kuchagua. Naandika namna tulivyochagua kwa sababu wapo vijana wengine wanaouliza swali hilohilo, na pia kwa sababu palikuwa na mtu wa tatu katika shauri lile, ambaye jibu letu lilimgusa kuliko lilivyotugusa sisi wenyewe.

Watu wengi huanza na jina la kiwanda. Mimi humtaka mtu aanze na ndege. Hapa kwetu Ugogo kwale hukaa katika vichaka vya miiba kandokando ya mashamba ya mtama na uwele. Hatoki mpaka ukaribie kumkanyaga, kisha huruka ghafla kwa kelele, na mara nyingi mwenzake hufuata kutoka mbali kidogo. Kanga ni tofauti. Hao ni ndege wa kundi, na kabla ya kuruka hukimbia kwa miguu, tena hukimbia kushinda mwanafunzi aliyesikia kengele ya chakula; wakiamua kuruka tayari wako hatua thelathini mbele yako. (Kumpiga kanga usiku akiwa amelala juu ya mgunga siiti uwindaji, na afanyaye hivyo asije kwangu kuomba ushauri.) Kwa hiyo unahitaji mtutu unaotawanya marisau mapema kwa ajili ya ndege wa karibu, na mwingine unaoyashika pamoja kwa ajili ya ndege wa mbali.

Hiyo ndiyo maana ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu. Kwa kawaida mtutu wa kulia haubanwi sana mdomoni, na wa kushoto hubanwa zaidi. Bunduki ikiwa na triga mbili, kidole ndicho kinachochagua, papo hapo, bila kutafuta kitufe chochote. Wauzaji watakwambia kwamba triga moja ndiyo ya kisasa. Ni kweli, lakini triga mbili ni mitambo miwili kamili, na mmoja ukivunjika ukiwa nyuma ya milima ya Chenene bado unayo bunduki mkononi. Mafundi wa bunduki hawapatikani kila wilaya.

Mtambo wenyewe si wa kukutia hofu. Bunduki nyingi za bei ya kati zimeufuata mtambo uliobuniwa na William Anson na John Deeley kule Birmingham mwaka 1875, ambao nyundo zake zimefichwa ndani ya sanduku la chuma. Una vipande vichache na ni mgumu kuharibika. Zile bunduki zenye sahani za pembeni zilizochorwa maua na mbwa ni nzuri kutazama, lakini mchoro huo unaulipia wewe, na kwale hauoni.

Kuhusu namba, sikumwachia mpwa wangu nafasi ya kubishana. Namba 12, basi. Namba hii huwatatiza wengi, kwa kuwa wanadhani kubwa ni kubwa. Maana yake ni kwamba ratili moja ya risasi, yaani gramu 454, ikigawanywa katika vidonge 12 vilivyo sawa, kidonge kimoja kitaenea ndani ya mtutu huo, ambao upana wake ni kama milimita 18.5. Namba 20 ni nyembamba zaidi, na namba 16 iko katikati. Namba 16 ni bunduki tamu kubeba, ila ukiinunua utazunguka madukani ukitafuta risasi zake kama anayetafuta vipuri vya gari lisilotengenezwa tena. Tena kuna hatari ambayo kila mwenye namba 12 lazima aijue: risasi ya namba 20 ikichanganyika mfukoni na ikaingizwa kwa bahati mbaya, huteleza mbele na kukwama ndani ya mtutu. Mtu huona chemba tupu, huweka risasi ya namba 12 nyuma yake, na akifyatua mtutu hupasuka. Nyumba moja, namba moja.

Sasa zile bunduki tatu. Ya kwanza ilikuwa mpya, ya Kituruki, dukani Dar es Salaam, inang'aa kama sufuria ya harusi. Bei yake ingemmalizia akiba yote asibakiwe na ya kununua hata pakiti moja ya risasi 25. Hiyo hatukuizungumza sana. Ya pili ilikuwa Baikal ya Kirusi, IZH-43, kutoka kiwanda cha Izhevsk, mali ya mstaafu mmoja wa reli kule Manyoni ambaye macho yamemzidi. Ni bunduki nzito, karibu kilo tatu na nusu, na sura yake ni ya mpini wa jembe. Ya tatu ndiyo iliyompendeza mpwa wangu. Ilikuwa ya Kibelgiji, ya zamani sana, yenye nyundo za nje, na mitutu yake ilikuwa na mawimbimawimbi kama maji ya bwawa yaliyoguswa na upepo. Ilikuwa ya rafiki yangu marehemu, ambaye baba yake aliachiwa na Mgiriki mmoja wa mashamba ya mkonge kule Kilosa. Mjane wake alitaka kuiuza apate ada ya mtoto wa mwisho. Bei aliyotaja ilikuwa nusu ya ile ya Baikal.

Tangu msiba bunduki hiyo ilikuwa imekabidhiwa polisi, kama inavyotakiwa, kwa maana leseni ya silaha hairithiwi pamoja na kabati na vitanda. Tuliomba ruhusa, tukaitazama mbele ya askari. Nilimwonyesha mpwa wangu namna ya kutazama, na alitazama vizuri, kwa kuwa ni mtu aliyezoea kukagua meno ya ng'ombe.

Kwanza unahakikisha haina risasi, wewe mwenyewe, hata kama aliyekupa ni mkuu wa kituo. Kisha unaondoa ubao wa mbele, unashika kitako na kuitikisa polepole. Mitutu ikicheza pale inapoungana na mtambo, hiyo imechoka. Halafu unaitoa mitutu, unaielekeza kwenye mwanga wa dirisha na kuchungulia. Vivuli vya duara vinapaswa kukaa sawasawa mpaka mwisho. Kivuli kikipinda ghafla, hapo pamebonyea au pamevimba. Vidoti vyeusi ni kutu iliyokula chuma. Kutu ya namna hiyo nimeiona mara nyingi mkoani kwetu, maana uwindaji ulipopigwa marufuku nchini mwaka 1973 hadi 1978, baadhi ya watu walizifunga bunduki zao masandukuni bila mafuta. Mwisho unaining'iniza mitutu kwenye kidole na kuigonga kwa ukucha. Ikilia kama kengele, kile chuma kinachoiunganisha hakijaachia. Ikitoa sauti ya debe, rudisha.

Ile ya Kibelgiji ililia vizuri mno. Mpwa wangu alitabasamu. Ndipo nilipomwambia asome alama zilizopigwa chini ya mitutu, kwa kuwa hapo ndipo bunduki inaposema umri wake na kile inachoweza kustahimili. Mji wa Liège umekuwa na nyumba ya kujaribia silaha tangu mwaka 1672, na alama yake ni herufi ELG ndani ya umbo la yai. Hiyo tuliiona. Tulichokitafuta kingine ni simba mdogo juu ya herufi PV, alama iliyoanza mwaka 1898 kuonyesha kwamba mitutu imejaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Tuligeuza, tukafuta kwa kitambaa, tukatazama tena kwa kurunzi ya askari. Simba hakuwapo.

Yale mawimbi mazuri ni fito za chuma na chuma cha pua zilizosokotwa pamoja na kufuliwa, kazi ya ufundi wa enzi ya baruti nyeusi. Baruti ile husukuma kwa namna yake. Risasi za leo zina baruti ya namna nyingine, na mtutu uliosukwa, wenye kutu iliyojificha kati ya fito, unaweza kuzistahimili mara hamsini na ukafunguka mara ya hamsini na moja, pale hasa mkono wa kushoto unaposhika. Chemba zake pia zilikuwa fupi, milimita 65, ilhali risasi nyingi zinazouzwa sasa ni za milimita 70. Risasi ndefu huingia bila shida. Ganda lake linapofunguka hukosa nafasi, na nguvu ndani ya mtutu hupanda.

"Mjomba, marehemu aliitumia miaka yote," alisema.

Nilijua hilo. Nilijua pia kwamba marehemu aliitumia mara mbili tatu kwa mwaka, na risasi alizopewa na Mgiriki. Lakini si hilo lililonikalia moyoni. Lililonikalia ni yule mama aliyekuwa nje kwenye benchi, amevaa kitenge chake cha safari, akisubiri tutoke na neno. Kama ningenyamaza, mpwa wangu angeinunua kwa furaha, mtoto angelipiwa ada, na huenda hakuna ambalo lingetokea. Huenda.

Tulipotoka nilimwambia wazi kwamba kijana hatainunua, na kwamba kwa maoni yangu isiuzwe kwa mtu yeyote atakayetaka kuipiga. Alinyamaza kidogo, akakunja ile karatasi ya nakala ya leseni ya mumewe mara nne. Kisha akasema, "Shemeji, afadhali mniambie sasa kuliko kuletewa habari za mkono wa mtoto wa watu." Aliiacha bunduki palepale polisi. Suala la ada tulilizungumza siku nyingine, sisi tuliosoma na marehemu chuoni, na halihusiani na habari hii.

Tulikwenda Manyoni kwa basi. Mstaafu wa reli alitupokea kwa uji wa ulezi na bunduki iliyopakwa mafuta mpaka inateleza. Mitutu ilikuwa safi, kwa kuwa Warusi huipaka kromu ndani, na kromu humsamehe mtu asiyesafisha siku ileile, ingawa simshauri awe mtu huyo. Haikucheza kwenye kiungo. Chemba milimita 70. Kasoro zilikuwa mbili: kitako kilikuwa na ufa mdogo wa juujuu, na mitutu yote miwili imebanwa, wa kulia nusu na wa kushoto kabisa. Kwa kanga hilo ni jema. Kwa kwale wa hatua kumi na tano utapata manyoya na mchuzi wa marisau, hivyo inakulazimu kumwacha ndege aende kwanza, jambo ambalo vijana hulipata kwa shida.

Nilimtaka afumbe macho, aipandishe begani, kisha afumbue. Jicho lake lilikuwa katikati ya ule ufito wa juu, halioni mtambo kwa chini wala halielei juu yake. Tukarudia mara kumi. Bunduki isiyokuenea hutapiga nayo ndege hata kama ilitengenezwa London, na kipimo hiki hakina gharama yoyote.

Hakutoa fedha siku hiyo. Nilikuwa nimemwambia tangu mwanzo kwamba fedha zisiitangulie karatasi: chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 huwezi kuchukua silaha kwanza kisha ukatafuta leseni, na kabla ya kuwinda hata kwale mmoja kuna kibali kingine chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Maombi yake yalianzia kwa mtendaji wa kijiji yakapanda hadi kamati ya usalama ya wilaya. Katika miezi hiyo ya kusubiri alikuwa akija kwangu Jumamosi na kupandisha fimbo begani mbele ya kioo cha shangazi yake, jambo lililowafurahisha sana watoto wa jirani.

Leseni ilipotoka tuliruhusiwa kutumia uwanja wa shabaha. Tulitundika karatasi za kufungia bidhaa na kuchora duara la sentimita 76, tukapima meta 36. Alipiga kwa risasi za gramu 32 zenye marisau ya milimita 2.6. (Uliza milimita unaponunua, kwa sababu namba za marisau hazifanani nchi na nchi.) Risasi moja ya aina hiyo huwa na punje takriban 300. Tulikaa chini ya mti na kalamu nyekundu, tukizihesabu tundu moja moja kama tunaosahihisha mitihani: mtutu wa kulia 171 ndani ya duara, wa kushoto 206. Mpwa wangu alitaka kuhesabu upya ule wa kulia, akidhani nimemnyima alama. Nilimwachia kalamu, naye akapata 169.