Kifaransa cha sokoni Buyenzi

Mwanafunzi wa Kigoma anayefika Bujumbura akiwa mwaka wa pili wa Kifaransa chuoni hudhani kuhesabu amekumaliza. Kitabu chake, kilichochapwa Ufaransa, kinasema sabini na tano ni soixante-quinze. Sokoni Buyenzi, mama muuza vitenge anamtajia septante-cinq. Kijana anababaika, aibu inamshika.

Hajakosea yeye, wala mama. Burundi ilitawaliwa na Wabelgiji, nao sabini huiita septante, tisini nonante. Rwanda na Kongo vivyo hivyo.

Mama akiona mteja amekwama, humgeukia kwa Kiswahili, maana Buyenzi ni mtaa wa Waswahili. Hapo kijana huchagua: alipe kwa Kiswahili aondoke, au amwombe mama, kwa Kifaransa, arudie bei. Ada ya mzazi huzaa matunda kwa huyu wa pili.