Kutoka Nzega hadi Bukene kwa Baiskeli

Wasafiri wengi huifahamu Nzega kwa njia panda yake. Atokaye Singida hufika hapa akachagua, ama aendelee Shinyanga na Mwanza, ama akate kushoto kuelekea Tabora. Malori yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo hupita mchana na usiku, na wafanyabiashara wetu hupata riziki kwa madereva wanaosimama kula na kupumzika. Kwa mwenye gari, lami hiyo ni neema. Kwa mwenye baiskeli ni jambo jingine.

Mwaka jana tulimzika mwanafunzi wa madrasa yetu, mtoto wa miaka 11. Alikuwa akija darasani asubuhi ya Jumamosi kwa baiskeli ya baba yake, mguu mmoja ameupitisha chini ya bomba, kama waendeshavyo watoto ambao kiti bado kimewashinda kimo. Lori lilimpita karibu mno. Hatuna la kusema juu ya dereva, kwani shauri hilo lina wenyewe. Tunalolisema ni kwamba kabla ya siku ile watoto 19 wa vijijini walikuwa wakija madrasa kwa baiskeli, na baada yake wakabaki wanne. Wazazi hawakugombana nasi. Waliacha tu kuwaleta.

Kamati ilikaa vikao viwili. Tuliandika barua ya kuomba matuta na alama za barabarani, na jibu bado tunalisubiri. Katika kikao cha pili, baba wa marehemu, ambaye si mjumbe bali aliomba kuingia, alisema maneno machache: "Ng'ombe wetu tukiwapeleka mnadani hatuwapitishi lami. Wana njia yao. Mbona watoto hawana?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Ikaamuliwa kwamba watu wanne waende wakaitazame njia hiyo kwa macho, na kwa kuwa tulikuwa na juzuu za kupeleka kwa ndugu zetu wa Bukene, safari ikarefushwa hadi huko.

Tuliondoka baada ya swala ya Alfajiri, katika mwezi wa Julai, wakati upepo wa kipupwe unapokata masikio. Tulikuwa naibu imamu, fundi baiskeli wa sokoni, mzee yule aliyefiwa, na sisi katibu tulioandika haya. Fundi alizikagua baiskeli zote nne, akakaza minyororo na kuongeza upepo, kisha akafunga mfukoni mwake gundi, vipande vya tyubu na msasa. Dua ya kupanda chombo tuliisoma pamoja. Naibu imamu alitukumbusha kwamba dua hiyo haikuwekwa kwa ajili ya ndege na mabasi peke yake.

Njia ya ng'ombe huanza nyuma ya nyumba za mwisho za mji. Ni mkanda wa udongo mwekundu uliokanyagwa na kwato hata ukawa mgumu kama sakafu, mpana kiasi cha baiskeli mbili kwenda sambamba watu wakazungumza. Changarawe ni nyingi mahali panapoinuka, na hapo gurudumu huteleza. Hutakiwi kufunga breki ya mbele ghafla. Penye mchanga mzito tulishuka tukasukuma. Kwa mahesabu ya saa zetu, kutoka mjini hadi kijiji cha mzee ilikuwa dakika 50, ambapo kwa lami ni 30. Hizo dakika 20 za ziada ndizo tulizozijadili zaidi kuliko jambo jingine lolote siku ile. Mtoto atahitaji kuamka mapema zaidi. Mama yake atahitaji kupika uji mapema zaidi. Je, ataridhia? Mzee alisema ataridhia.

Mbele ya kijiji hicho tulikata kusini-magharibi kufuata kingo za majaruba. Mpunga ulikuwa umekwisha kuvunwa, mabua yamebaki, na ng'ombe walikuwa wakilishwa humo. Tulipita ngitili moja, lile eneo la malisho ambalo wafugaji wa huku hulifunga wakati wa masika ili majani yawafae wakati wa kiangazi, na vijana waliokuwa wakililinda wakatuamkia "Mwangaluka!" tukawaitikia. Hewa ilikuwa na harufu ya majani makavu na samadi. Hatukusikia honi hata moja. Naibu imamu, ambaye si mtu wa kusema sana, alisema alikuwa amesahau kwamba Nzega ina ndege wengi kiasi kile.

Itobo tulifika kabla ya saa tatu. Tulikunywa chai na viazi, na mama muuza chai akatufungia matobolwa ya njiani. Kwa wasiojua, hivyo ni viazi vitamu vilivyochemshwa kwanza kisha vikaanikwa juani, tofauti na michembe inayokatwa na kuanikwa mibichi. Mtu akiyatafuna taratibu huweza kwenda kilomita nyingi bila kuhisi njaa, na ni rahisi kuliko biskuti tunazowanunulia watoto wetu.

Kuanzia hapo tulikutana na waendesha baiskeli wenzetu, wala hawakuwa wa matembezi. Walibeba mkaa, magunia ya mpunga, madumu ya maji, kuku waliofungwa miguu. Mmoja alikuwa akisukuma magunia mawili mlimani huku shati limelowa. Tulimsaidia kusukuma, naye akatueleza kwamba hufanya safari hiyo mara tatu kwa wiki. Hatukuweza kumtazama bila kuwakumbuka wapagazi wa Kinyamwezi waliopita nchi hii katika karne ya 19 wakichukua pembe za ndovu begani, frasila mbili na zaidi kwa mtu mmoja, kutoka Kazeh, ambayo leo ni Tabora, hadi Bagamoyo. Walikuwa wachukuzi wa ujira waliojua thamani ya kazi yao, na misafara ya pwani haikuweza kwenda bila wao.

Njia kuu ya misafara ilipita kusini ya hapa, ikiendelea magharibi hadi Ujiji. Lakini ilikuwepo njia ya kaskazini pia. Julai 1858, John Hanning Speke alimwacha mwenziwe Burton Kazeh, akapita nchi hizi kwenda kulitafuta ziwa, akaliona Agosti 3. Pamoja naye alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akarudi akiwa huru. Vitabu vingi humtaja Speke kwanza. Sisi tulipozungumza chini ya mkwaju, tukitafuna matobolwa, tulimzungumza zaidi Bombay.

Hatupendi kuisimulia historia hii nusu. Katika njia hizohizo uliingia Uislamu wetu, pamoja na lugha hii tunayoandikia, na wazee wetu huona fahari kwalo. Katika njia hizohizo walipitishwa watu wamefungwa shingoni, na miongoni mwa waliowafunga walikuwemo waliosimama safu moja katika swala. Watoto wa madrasa wakituuliza, na huuliza, tunawaambia yote mawili.

Bukene ni kituo cha reli ya Tabora na Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928. Tuliswali Adhuhuri na wenyeji wetu, tukakabidhi juzuu, tukalishwa wali kwa kuku. Fundi aliuliza iwapo tungefaa kupunguza swala, na kicheko kikawa kikubwa, kwa maana kwa barabara Bukene kutoka Nzega haifiki masafa yanayotajwa na wanazuoni wetu. Alisema mapaja yake yanahesabu masafa kwa namna nyingine. Wakati wa kurudi tulipata pancha moja, ya miiba, na hapo msasa na gundi vikaonekana kazi yake.

Kwa familia zitakazotaka kuijaribu njia hii: nendeni kati ya Juni na Oktoba. Mvua za Novemba zikianza, mbuga zenye udongo mweusi hushika magurudumu kama gundi na majaruba hujaa maji, na kwa miezi ile kamati haijapata ufumbuzi kwa watoto wa madrasa. Wenye watoto wadogo waishie kijiji cha kwanza na kurudi. Chukueni maji ya kutosha. Na mkikuta tawi la miiba limeanguka njiani, liondoeni, kwa kuwa atakayefuata huenda ni mtoto asiye na pampu.

Ipo sehemu moja ambapo lami haiepukiki. Watoto waishio ng'ambo ya pili ya barabara kuu lazima waivuke mara moja. Tulifika hapo jua likikaribia kuchwa, tukitaka kuonyeshwa ni wapi pafaapo. Mzee alishuka baiskeli yake mita nyingi kabla, akaisukuma hadi ukingoni. Alisubiri malori mawili yapite, kisha la tatu lililokuwa bado mbali. Akavuka kwa miguu, akageuka, akatuinulia mkono ili tuje mmoja mmoja.