Kiangazi Chetu cha Kwanza Chini ya Mlima

Katika magazeti mara nyingi twasoma habari za wakulima wanaohamia mashamba mapya, jinsi walivyofyeka na jinsi walivyovuna mara ya kwanza. Habari za makarani wanaohamishwa kutoka kituo hata kituo hazisomwi sana. Labda ni kwa sababu karani huchukua sanduku lake na kalamu yake, na watu hudhani ya kuwa mambo yamekwisha hapo. Mimi ni karani wa Serikali, nina umri wa miaka 37, na nimehamishwa mara nne. Mara tatu za kwanza nilihama na sanduku. Mara ya nne nilihama na nyumba nzima, na ndiyo ninayotaka kuwaeleza wasomaji.

Barua ilinifikia Mombasa mwishoni mwa mwezi wa Novemba 2022, ikiniamuru niwe Nanyuki tarehe 5 Desemba. Tulikuwa tumekaa Mombasa miaka tisa. Mke wangu ni mtu wa Rabai, mimi ni Mtaita, na watoto wetu watatu wote walizaliwa Pwani. Mke wangu alikuwa na biashara ndogo ya mahamri na mkate wa kumimina. Wateja walimfuata mlangoni alfajiri kabla jua halijatoka, na ukweli ni kwamba karo ya shule ililipwa kwa mikate ile zaidi ya kulipwa kwa mshahara wangu.

Kwa desturi ya makarani wengi, mume hutangulia peke yake. Hupanga chumba kimoja, hujipikia ugali wake, na kila mwisho wa mwezi hupeleka fedha nyumbani. Wazee wetu wa pande zote mbili walinishauri nifanye hivyo, na ushauri wao haukuwa wa kipumbavu, maana binti yetu mkubwa, aliyekuwa na miaka 13, alikuwa anaingia darasa la nane, na mwaka wa mtihani si mwaka wa kumtafutia mtoto shule mpya. Lakini nimewaona wenzangu waliokaa hivyo miaka kumi, hata watoto wao wakawajua kwa sauti ya simu tu. Nikamwuliza mke wangu, "Mama watoto, wewe waonaje?"

Akanijibu, "Baba watoto, mimi siukatai mlima. Nakataa kwenda kukaa bure. Tutakwenda sote wakati wa likizo hii. Shule zitakapofunguliwa tarehe 23 Januari, nitakuwa nimekwisha kuona, nami nitakujibu."

Basi kiangazi kile chote kilikuwa kama mtihani, nami nilikuwa mmoja wa watahiniwa.

Safari ni ya karibu kilometa 700, nasi tulipanda lori pamoja na vyombo vyetu. Posho ya uhamisho haikufika kwa wakati, ikanibidi nikope katika chama chetu cha akiba. Hayo yamekwisha na sitayafuata zaidi. Mke wangu alikubali vitu vyote vifungwe nyuma isipokuwa mbuzi ya kukunia nazi, ambayo aliipakata njia nzima. Siku ya pili yake mwanangu wa kiume, mwenye miaka minane, aliwaambia watoto wa jirani ya kuwa tumekuja na mbuzi wetu kutoka Mombasa. Jioni wakaja wanne, kila mmoja na tita la majani. Walipoonyeshwa kibao chenye meno ya chuma walicheka hata mama zao wakatoka nje, na kwa kicheko hicho tukajulikana mtaani mapema kuliko nilivyotumaini.

Nanyuki iko kiasi cha meta 1,900 juu ya usawa wa bahari, karibu sana na mstari wa ikweta. Asubuhi mlima wa Kenya husimama wazi, mweusi wenye madoa meupe, na kufika saa nne mara nyingi umekwisha kujifunika mawingu. Mke wangu alipouona mara ya kwanza alinikumbusha jambo tulilofundishwa shuleni na wamisionari: kwamba Krapf, aliyekuwa akikaa Rabai, aliuona mlima huu kutoka Kitui tarehe 3 Desemba 1849, na mabwana wa Ulaya wakakataa kuamini ya kuwa theluji yaweza kukaa chini ya jua la ikweta. Akasema, "Mtu wa Rabai alitangulia kuuona, na mtu wa Rabai amekuja kuuhakikisha." Nikafurahi, nikidhani mtihani umekwisha nusu. Haukuwa umekwisha.

Taabu ilianza kwa mkate. Wale wasiojua mkate wa kumimina na waelezwe: mchele hurowekwa usiku kucha, husagwa pamoja na tui zito, hutiwa sukari, iliki na hamira, kisha huachwa uumuke. Halafu rojo humiminwa katika sufuria iliyopakwa mafuta, huwekwa juu ya moto wa makaa, na makaa mengine hupaliwa juu ya kifuniko, ili mkate upate moto chini na juu. Mombasa kwa joto lile rojo huumuka upesi bila kuangaliwa. Nanyuki ililala usiku mzima katika baridi ikaamka vile vile ilivyolala. Siku ya pili mke wangu akaiweka karibu na jiko. Ikapanda kwa haraka, ikafurika, na ilipopata moto ikaanguka katikati kama paa la nyumba kuukuu. Nazi nazo zilikuwa chache sokoni, na bei yake mara kadhaa ya bei ya Pwani. Alijaribu mara tano. Baada ya mara ya tano aliiosha mbuzi, akaikausha, akaifunga katika kanga, akaiweka juu ya kabati. Hakusema neno, nami sikuuliza.

Waliofungua jambo tena ni watoto. Jirani yetu, mama mtu mzima ambaye watoto wote wa mtaa humwita Cucu, yaani nyanya, alituletea unga wa ngano, akasema ngano hulimwa kule Timau, si mbali na hapa, basi kwa nini tulie kwa ajili ya mchele? Mke wangu aliukanda unga ule bila moyo, akawaachia watoto donge wachezee. Wakafinyanga tembo, kifaru, na lori letu lenye magurudumu ya karafuu. Tembo akaoka vizuri ila mkonga ukaungua. Kisha binti yetu mkubwa akafinyanga mlima wenye vilele vitatu, Batian, Nelion na Lenana, akanyunyiza sukari juu iwe theluji. Ulipotoka katika sufuria Batian ilikuwa imelala ubavuni, na mdogo wao wa miaka mitano akaila Lenana kabla haijapoa. Siku ile ndiyo mara ya kwanza tangu kuhama niliposikia mke wangu akicheka jikoni.

Sasa binti yangu akataka kuuona mlima wenyewe. Nilikuwa nimemwahidi safari hiyo kabla hatujatoka Mombasa, na ahadi kwa mtoto ni deni. Nikaomba siku moja ya likizo, nikamwomba mzee mmoja mwenye ruhusa ya kuongoza wapanda mlima atupeleke. Binti yangu alikuwa amekwisha kujifunza kumwita Guka, kama wafanyavyo watoto wa hapa kwa wazee wa umri wa babu zao. Ijumaa, tarehe 6 Januari 2023, tukaingia kwa lango la Sirimon, lililo kiasi cha meta 2,650, tukapita msitu hata kambi iitwayo Old Moses, meta 3,300. Jumamosi tukavuka vijito na kupanda bonde lililopewa jina la Mackinder, Mwingereza aliyefika Batian mwaka 1899. Humo mna mimea ya ajabu, mirefu kama watu waliojitanda mablanketi, na ukiwa na ukungu waweza kuisalimu.

Guka alitusimulia mengi njiani, na kwa hakika alikuwa mwalimu mzuri kuliko wengi wenye vyeti. Alituambia ya kuwa majina ya vilele vile vitatu yametokana na majina ya malaibon wa Kimasai. Ya kuwa Kisoi Munyao ndiye aliyepandisha bendera ya Kenya juu ya mlima huu wakati wa Uhuru, mwaka 1963. Na ya kuwa barafu aliyoijua yeye katika ujana wake imepungua mno. Mahali pengine alielekeza fimbo yake kwenye jiwe tupu, akasema, "Hapa palikuwa peupe." Mimi nilimweleza ya kuwa mmojawapo wa mito ya barafu ya mlima huu ulipewa jina la Krapf. Akauliza kama watu wa Rabai wanajua ya kuwa mali yao inayeyuka.

Tulifika kambi ya Shipton, meta 4,200, saa kumi alasiri. Pimbi wa pale hawamwogopi mtu. Mmoja alinyakua kipande cha mkate wetu mikononi mwangu akaenda kukaa juu ya jiwe akanitazama. Binti yangu alitoa pakiti ya biskuti kutoka mkobani, akapiga kelele. Pakiti ilikuwa imevimba kama ngoma. Akadhani biskuti zimeharibika. Guka akamwambia hazina kosa: hewa iliyofungwa ndani ni ya chini, na hewa ya huku juu ni nyepesi, haiibani, basi ya ndani hupanuka. Akaongeza ya kuwa maji nayo huchemka upesi huku juu kabla hayajapata moto wa kutosha, ndiyo maana hapiki maharagwe kambini. Yeyote aliyesoma sayansi atakumbuka hesabu yake: maji ya Mombasa huchemka kwa digrii 100, ya Nanyuki karibu 94, na ya kambi ile karibu 86. Binti yangu alikaa kimya akiibonyeza pakiti yake. Mwisho akasema, "Baba, ndiyo sababu mkate wa mama unafurika."

Usiku mwezi ulikuwa mpevu, na mawe ya Batian yalionekana kana kwamba ni mchana. Tulikuwa tumekusudia kuondoka saa tisa usiku twende Lenana, meta 4,985. Guka alipokuja kutuamsha alimkuta mtoto anaumwa na kichwa, naye ametapika mara mbili. Aliinua taa akamtazama machoni, akamwuliza maswali machache, akaniambia, "Twashuka kukipambazuka, na akizidi twashuka sasa hivi." Binti yangu akalia, akisema tumekuja karibu sana. Mzee akamwambia, "Mami, baba yako ni mtu wa Serikali, yeye hupewa barua ya kuhama. Mlima haupewi barua. Utaukuta."

Tukashuka asubuhi, na tulipofika Old Moses kichwa kilikuwa kimekwisha kupoa kabisa. Watu wengine wamepoteza roho zao katika milima kwa kubishana na kichwa kinachouma, nami nawasihi wazazi watakaokwenda wasione haya kugeuka njiani.

Nyumbani binti yangu hakueleza habari za pimbi wala za mwezi. Aliingia moja kwa moja jikoni na pakiti ile, ambayo sasa ilikuwa imenywea, akampa mama yake somo zima kama mwalimu. Wakaanza upya. Hamira wakaipunguza kwa robo. Maji wakayaongeza, kwa kuwa hewa ya hapa ni kavu na unga hunywa zaidi. Donge likawekwa mahali penye joto kiasi, si kando ya jiko, na badala ya kulitazama saa walitazama ukubwa wake: likifika maradufu hupigwa makaa, hata kama saa haijafika. Mkate wa ngano ukatoka mzuri, wenye iliki na tui kidogo tu kwa ajili ya harufu. Mbuzi ikateremshwa kutoka juu ya kabati. Cucu alipouonja aliagiza miwili, na wiki ile ile makondakta wa kituo cha matatu wakaanza kutuma watoto asubuhi na fedha mkononi. Hawakuwa wengi kama wateja wa Mombasa, wala faida haikulingana. Sitaki kuwadanganya wasomaji.

Jioni ya tarehe 20 Januari mke wangu alinijibu kama alivyoahidi. Yeye na watoto wawili wadogo watakaa. Mkubwa atarudi Rabai kwa nyanya yake, amalize darasa la nane katika shule anayoijua, maana mtihani ule wa mwaka 2023 ulikuwa ndio wa mwisho kabisa wa darasa la nane katika Kenya. Nilitaka wote watatu, na usiku ule sikulala vema. Lakini binti mwenyewe alikubali kwa sharti moja: Guka awekwe akiba kwa ajili yake na Lenana.

Nilimsindikiza mpaka Nairobi. Mwezi mmoja baadaye alitupigia simu kutoka Rabai mwenye huzuni. Alikuwa amewafinyangia nyanya yake na binamu zake mlima wenye vilele vitatu, kwa kipimo kile kile cha maji ya Nanyuki, na kwa unyevu wa Pwani donge lilikuwa limelegea likatambaa sufuria nzima. Nyanya yake alikuwa amelitazama akasema huo si mlima, huo ni mkeka. Mke wangu alicheka hata akakaa chini, akamwambia apunguze maji na arudie kipimo cha zamani cha hamira. Tukasikia nyuma ya simu sauti ya mama mkwe ikiuliza kama huko Nanyuki kuna mtu anayejua kununua nazi nzuri, ama atuletee gunia.