Genge la mwanangu

Mimi ni mama wa Mtopanga, Kisauni. Haya nayasema kwa ajili ya kina mama wenzangu wanaokesha wakisikiliza mlango, kama nilivyokesha mimi.

Neno genge nimelijua tangu utotoni Changamwe. Lilikuja na Waingereza, likakaa kwenye reli na bandarini: vibarua wa pamoja chini ya serahangi mmoja, hao ni genge. Babu yangu alikuwa kuli Kilindini. Katika genge lake kila mtu alijua nani amekuja na nani amelala na homa, kwa kuwa gunia la asiyekuja lilimwangukia mwenziwe. Ni watu wa magenge hayo waliosimamisha bandari katika mgomo wa Januari 1947, na babu alilitaja genge lake kwa fahari mpaka anakufa. Jamaa zetu wa Tanga wakisema genge, wanataja kibanda cha nyanya na vitunguu. Vijana wa Nairobi nao waliuita hivyo muziki wa kina Nonini na Jua Cali.

Kisauni nililisikia likitajwa pamoja na mapanga. Kisha jirani akanijia, akalitaja pamoja na jina la mwanangu.

Nililia, nikaomba dua, nikamfungia mlango. Kaka yangu, nyapara wa makuli kwenye yadi moja Changamwe, alikuja akaketi naye, akamuuliza swali moja tu: "Mjomba, ulipougua mwezi ule, nani alikuja kukutazama?" Mwanangu akawataja wale vijana wa maskani, mmoja mmoja. Hapo nikaelewa. Mwanangu alikuwa amekwenda pale anapoulizwa yuko wapi. Mapanga yalikuja baadaye, kama malipo ya kuulizwa huko.

Kaka hakumhubiria. Alimchukua alfajiri wakashushe marobota ya mitumba. Jioni mwanangu akarudi mabega yamechubuka na ujira wake mfukoni. Alipotaka kukosa kazi, simu ililia kabla jua halijapanda: wenzake wanamngoja, lori limesimama. Naamini kwa moyo wangu wote kwamba simu ile ilimvuta kuliko maneno yangu yote. Leo ana genge lake, na mimi nalitamka neno hilo mbele za watu bila kuinamisha uso.

Lakini kazi hizo ni chache. Makontena yalipunguza mikono bandarini, na reli ya SGR ilipoanza kubeba mizigo kuelekea Nairobi mwaka 2018, yadi za huku zilipoa. Mwezi huu vijana wawili wa maskani ile ile wamekuja kwangu, wamenisalimia kwa shikamoo, wakaniomba niseme na kaka. Nimesema naye. Anayo nafasi moja. Ya pili naitafuta mwenyewe, yadi kwa yadi, kuanzia Jumatatu.