Maji Yasiyokorogwa

Sisi watoto wa Kalemie tulijifunza habari za joto katika beseni kabla ya kuzijua ziwani. Siku moja mama alikwenda sokoni, akatuachia kazi ya kumwogesha mdogo wetu. Tulitia maji baridi katika beseni la bati, kisha tukamimina polepole maji ya moto juu yake. Tukalishika beseni kwa chini, tukaona ni baridi, tukasema, “Vema.” Mtoto alipotia mkono tu, akalia kwa nguvu. Hakuungua, lakini sisi tulichapwa. Mama alichukua kikombe, akakoroga mara tatu, na maji yote yakawa ya uvuguvugu.

Zile mara tatu ndizo zilizotushangaza. Katika maji yaliyotulia joto husafiri polepole mno. Lakini ukikoroga, mizunguko mikubwa huzaa midogo, na midogo huzaa midogo zaidi. Maji ya moto na ya baridi huvutwa na kukunjwa kama unga unaokandwa, mpaka yawe tabaka nyembamba sana, na joto halina tena safari ndefu. Sukari katika chai hufanya vivyo hivyo. Hata rangi ya matope ya mto Lubuye, yaingiapo ziwani baada ya mvua, ni abiria tu: huenda popote maji yaendapo.

Joto nalo ni abiria katika beseni linalokorogwa kwa nguvu. Katika Ziwa Tanganyika, hapana; huko hushika usukani. Maji yenye joto ni mepesi, hukaa juu, na kuyashusha ni kazi kubwa. Ziwa letu lina kina cha meta 1,470. Chini kabisa joto ni kama digri 23, na juu hufika 26 au 27. Tofauti ni ndogo, lakini yatosha kulifunga ziwa kama kifuniko. Hewa ya kuvuta samaki haishuki mbali, na mbolea iliyo vilindini haipandi.

Mkorogaji ni upepo wa kusini-mashariki, uvumao tangu Mei mpaka Septemba. Huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na upande wa Zambia maji baridi hupanda yakileta mbolea. Upepo ukitulia, tabaka la chini huyumba huku na huku kwa majuma, huko vilindini tusikoona kitu. Mbolea ile hulisha mimea midogo, mimea hulisha wadudu wa majini, na wadudu hulisha ndagala tunaowaanika mchangani.

Mwaka 2003 wataalamu walitangaza kwamba ziwa limepata joto na kukorogeka kwake kumepungua. Mwaka 2016 wengine walichunguza matope ya chini, wakaona samaki walianza kupungua kabla hata uvuvi wa biashara kukua. Nyavu za macho madogo zina hatia yake, hatubishi. Lakini hata tukizichoma zote, kifuniko kitabaki.

Zamani tuliulaani upepo ule, maana mitumbwi haikutoka, na jioni tulikula ugali na sombe tupu. Siku hizi ukipiga mabati usiku, tunaamka, tunasikiliza, na asubuhi tunaulizana umevuma mpaka saa ngapi.