Mitumba na Haki ya Bei



Hapa Simiyu tunalima pamba, na sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje kabla ya kusokotwa nyuzi. Kisha mnadani Bariadi twachambua mitumba, twapata shati imara kwa bei nafuu, nasi twafurahi. Furaha hiyo ni halali: Bwana mwenyewe, baada ya kuwalisha watu 5,000, aliagiza mabaki yakusanywe. Lakini sisi tunaolalamikia bei ya pamba, tusimkandamize mama muuza mitumba hadi akose nauli ya kurudi kwake. Kubana matumizi ni kujinyima, siyo kumnyima mwingine. Na tukiokoa shilingi 2,000, tujiulize: ni jirani gani ataonja akiba hiyo?