Kompyuta Mpya Iligoma, na Bibi Harusi Anasafiri Ijumaa

Wengi mlituuliza kwa nini mwaka jana, Mfunguo Mosi, harusi zimepamba moto kila mtaa, sisi tulikuwa hatupokei simu. Leo tunasema. Hatukuwa safarini wala hatukuwa na msiba. Tulikuwa sakafuni, juu ya mkeka, tunapambana na kompyuta.

Kwa wasiotujua, sisi ni mawifi wawili. Tunapiga picha na video za harusi hapa Unguja, kwa wanawake tu: singo, hina, na ile siku ya kumtoa bibi harusi nje. Anapokaa mbele ya kamera yetu nywele zake ziko wazi, piko imepanda hadi viwikoni, na mama zake na mashangazi wanacheza bila ya shungi. Picha zile si zetu, ni amana. Ndiyo maana kila mteja tunamwandikia sharti moja: diski yenye picha zako haitoki nyumbani kwetu.

Basi ile kompyuta yetu kongwe ikafa siku ya Jumatatu. Ilitoa harufu ya kuungua, ikazima, ikawa ndiyo imekwenda. Diski ilinusurika, lakini ndani yake mlikuwa na harusi tatu ambazo hatujazimaliza, na mmoja katika maharusi hao alikuwa anaondoka Ijumaa kumfuata mumewe Muscat. Mama yake alitaka binti aondoke na video yake mkononi.

Bahati tulikuwa tumeshaanza kununua vipande vya mashine mpya, kidogo kidogo, kwa pesa za mchezo. Tulikuwa na kasha la mtumba, power saplai ya wati 550, ramu mbili za GB 8 kila moja, na prosesa ya AMD Ryzen 5 5600G, ambayo ina uwezo wa kuonesha picha yenyewe bila ya kununuliwa kadi ya picha mbali. Kilichobaki ni madabodi, yaani ule ubao mkubwa ambao kila kitu huchomekwa juu yake. Mmoja wetu akaagiza Kariakoo, ikapanda boti, Jumanne asubuhi tukaipokea bandarini, mpya, boksi halijafunguliwa.

Kuifunga si kazi ya kutisha kama watu wanavyodhani. Mwanamke anayeweza kutia shanga kwenye gauni zima ataweza. Prosesa hii chini yake ina pini 1,331 nyembamba, na haisukumwi: unalinganisha pembe yenye pembetatu ya dhahabu na pembetatu iliyochorwa kwenye soketi, unaiachia, inashuka yenyewe. Ukitumia nguvu unazipinda. Tukasema Bismillah, tukamaliza kabla ya adhuhuri, tukabonyeza kitufe.

Feni ikazunguka nusu mzunguko, ikasimama.

Tukabonyeza tena. Nusu mzunguko, kimya. Yule aliyefunga akamtazama yule aliyenunua.

Mume wa mmoja wetu, ambaye ndiye kaka wa mwengine, akasema tuipeleke kwa fundi mjini, mambo yaishe. Tukampigia fundi. Akasema, "Leteni vyote, na diski." Tukamuuliza diski ya nini. Akasema bila ya diski hawezi kujua ubovu uko wapi.

Hapa, dada zetu, tunaomba msome taratibu. Madabodi haihitaji diski ili ijaribiwe. Inahitaji prosesa, ramu moja, umeme na skrini. Ikiwa na hivyo tu, lazima iwake na itoe maandishi yake ya mwanzo. Kwa hiyo ukipeleka kompyuta kutengenezwa na tatizo ni kutowaka, diski itolewe mbele yako na urudi nayo kwenye mkoba wako. Zipo laptopu ambazo hifadhi yake imechomelewa kwenye ubao wenyewe, hizo ni mtihani mwengine, lakini nyingi inatoka kwa skrubu chache tu. Bibi harusi mwenye picha zake kwenye laptopu asikubali kuambiwa vyenginevyo.

Tukaamua kuitafuta dawa wenyewe. Kwanza tukaangalia nyaya za umeme. Kuna ule mkubwa wa pini 24, na kuna mwengine mdogo wa pini 8 unaokwenda pembeni juu, karibu na prosesa, ambao watu wengi husahau. Yote miwili ilikuwa imeingia sawasawa. Basi tukaitoa madabodi ndani ya kasha, tukailaza juu ya boksi lake la karatasi ngumu, tukaunganisha vile vitu vinne tu. Feni zikazunguka, na safari hii hazikusimama.

Maana yake ubovu ulikuwa ndani ya kasha. Tukamulika kwa tochi ya simu. Kasha la mtumba lilikuwa limebeba ubao mkubwa zaidi, na mwenyewe wa zamani aliacha kijiguzo kimoja cha shaba mahali ambapo ubao wetu hauna tundu. Kijiguzo kilikuwa kinagusa mgongo wa madabodi, umeme unapita njia isiyo yake, na power saplai inajikata ili isiunguze kitu. Tukakifungua. Yule aliyenunua akamtazama yule aliyefunga.

Lakini skrini bado nyeusi.

Kwenye ukingo wa madabodi kuna taa nne ndogo: ya prosesa, ya ramu, ya picha, na ya kuwashia mfumo. Mashine inajikagua kwa zamu, na taa inayobaki inawaka ndiyo pahala ilipokwama. Yetu ilibaki ya prosesa. Tukaitoa, tukazikagua pini mstari kwa mstari kwa miwani ya bibi, hakuna hata moja iliyopinda. Tukajaribu ramu moja peke yake, kisha ile nyengine, kwenye nafasi ya pili kama kitabu kinavyoelekeza. Tukatoa betri ndogo ya duara, tukangoja dakika kumi, tukairudisha. Taa ile ile.

Saa sita za usiku mmoja wetu akasema, "Wifi, hii imekuja mbovu. Tungenunua kwa mtu tunayemjua." Haya ni maneno madogo, lakini kwa mawifi hakuna maneno madogo. Zikatoka habari za sufuria iliyoazimwa, zikatoka habari za harusi ya mwaka 2016 na nani alikaa meza ya mbele. Tukalala hatujaagana.

Jumatano baada ya alfajiri tukakutana jikoni, chai mkononi, hakuna aliyeanza kusema. Boksi la madabodi lilikuwa juu ya meza. Pembeni yake palikuwa na kibandiko kidogo ambacho sote tulikiona tangu jana na hatukukisoma: "Tayari kwa Ryzen 3000."

Ryzen 3000 zilitoka 2019. Yetu, 5600G, ilitoka 2021. Ule ubao ulikuwa umekaa stoo muda wote huo, na programu ndogo iliyomo ndani yake, inayoitwa BIOS, haikuwahi kufundishwa prosesa hii. Mmechukua kadi mlangoni mwa ukumbi? Basi ni hivyo. Mgeni amekuja na kadi yake halali, lakini orodha aliyoshika mama wa mlangoni ni ya harusi ya mwaka mwengine, jina halimo, hapiti. Mgeni hana kosa na mama wa mlangoni hana kosa.

Bodi yetu, alhamdulillah, ilikuwa na kitufe nyuma cha kubadilishia BIOS hata kama prosesa haitambuliki. Si bodi zote zinacho, kwa hiyo mkinunua ulizeni. Tukashusha faili jipya kwenye ukurasa wa mtengenezaji, la modeli ile ile herufi kwa herufi, tukaifuta flashi na kuipanga kwa mfumo wa FAT32, tukabadilisha jina la faili kama kitabu kilivyosema, tukachomeka kwenye tundu lililowekewa alama.

Kitabu kilikuwa na onyo moja kwa herufi nene: umeme usikatike katikati. Kumwambia hivyo mtu wa Unguja! Sisi tumekula miezi mitatu ya kiza, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, tunapiga pasi ya makaa. Tukaenda kuazima UPS dukani kwa somo yetu, tukaibeba mikononi kama mtoto mchanga, na ndipo tukabonyeza. Taa ikapepesa dakika kama tano. Hakuna aliyeondoka wala kukohoa. Ikazima.

Tukawasha. Taa ya prosesa ikazima, ya ramu ikawaka na kuganda. Mmoja wetu akanyosha mkono azime, mwengine akaushika mkono ule. Mara ya kwanza mashine kama hii huzipima ramu zake, inaweza kuchukua dakika nzima au zaidi, na kuikatisha ni kuanza upya. Tukahesabu pamoja kwa kunong'ona. Tulipofika themanini na kitu, skrini ikawa nyeupe.

Vigelegele vilivyotoka, mume mtu alitoka msalani mbio akidhani kuna mtu amechumbiwa.

Diski ikaingia mahali pake Jumatano usiku. Alkhamisi hatukulala. Ijumaa asubuhi bibi harusi alikuja mwenyewe na mama yake, akakaa kwenye mkeka ule ule, akatazama video yote hadi mwisho. Akatuomba tufute picha mbili, moja kwa sababu ya kidevu, ya pili hakusema kwa nini na hatukumuuliza. Tukazifuta mbele yake, akaweka flashi kwenye pochi, akaenda uwanja wa ndege.

UPS tulirudisha na sahani ya visheti. Kile kijiguzo cha shaba tunacho bado, kimo kwenye kibweta cha sindano. Mmoja wetu akianza ujuaji, mwengine hukitoa akakiweka mezani.